Taa ya Tangi la Maji Chumvi kwa Pesa Kidogo: Balbu, Sanduku la LED, Tyubu za T5 au Mtumba wa Chapa?

Mpwa wangu wa Temeke alinitumia picha tatu za taa usiku mmoja, chini yake ujumbe: "Shikamoo mjomba. Zote hizi wanasema ni za tangi la bahari. Nichukue ipi?" Nikaitikia marahaba, kisha nikamuuliza: "Ndani ya tangi una nini?" Akakawia kidogo. "Samaki wawili wale wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe. Na mawe." Hapo hapo picha mbili kati ya tatu zikawa hazina kazi kwake.

Mimi niko Muscat. Tangi langu ni la sentimita 90 kwa 45 kwa 45, yaani lita 180 hivi kabla hujaweka mchanga na mawe. Kwa miaka kadhaa limepitiwa na taa za aina zote nne ninazozilinganisha hapa, nyingine zangu, nyingine za kuazima. Hakuna hata moja niliyojuta kuwa nayo. Nilichojutia ni namna nilivyoiwasha mojawapo, na hilo nitalisimulia.

Tunapima kwa lipi

La kwanza ni mwanga unaofika chini. Matumbawe ni wanyama, lakini mengi hulishwa na mwani mdogo sana unaoishi ndani ya nyama yao, na mwani huo chakula chake ni mwanga. Kipimo kinaitwa PAR: hesabu ya mwanga wa kati ya nanomita 400 na 700, ule ambao mwani unaweza kuutumia. Kwa makadirio ya wafugaji wengi, matumbawe laini na yale yenye umbo la uyoga hukaa vizuri kwenye PAR 50 hadi 100. Magumu yenye nyama nene hutaka 75 hadi 150, na magumu ya vijiti vyembamba 200 kwenda juu. Samaki hawadai PAR hata moja. Wao wanataka kujua kumekucha au kumekuchwa, basi.

Usiichanganye PAR na lumeni zilizoandikwa kwenye boksi. Lumeni hupima mwanga kwa jicho la binadamu, na jicho letu hupendelea kijani na njano. Buluu ya karibu nanomita 450, ile inayopenya maji ya kina na ambayo mwani wa matumbawe umeizoea, kwa lumeni inaonekana kitu hafifu. Ndiyo maana taa nyeupe ya uani inaweza kujisifia lumeni elfu tano, na tumbawe likashinda na njaa chini yake.

La pili ni kuenea: mwanga unajaa tangi zima au unapiga duara moja katikati? La tatu ni joto, na hili sisi wa pwani na wa Ghuba tulitazame kuliko wanavyolitazama wa Ulaya. Wao hununua hita, sisi tunapigana kuyashusha maji yabaki nyuzi 25 hadi 27. La nne ni umeme wa kila mwezi. La tano ni bei, ya leo na ya mwaka kesho. La sita ni fundi: ikizima Jumamosi jioni, nani wa mtaani kwako ataifungua na kuifufua?

Hesabu ya umeme ni moja kwa taa zote. Zidisha wati kwa saa za siku, kisha kwa 30, halafu gawanya kwa 1,000. Unapata yuniti za mwezi. Nimetumia saa tisa kwa siku, na kwa wa Tanzania bei ya T1, daraja la matumizi ya kawaida, ya shilingi 292 kwa yuniti kabla ya kodi na tozo. Wewe weka namba iliyo kwenye risiti yako.

Balbu ya skrubu

Ni balbu nene ya LED, uso wake kama sentimita 12, inayoitwa PAR38. Jina hilo lisikuchanganye: PAR ya hapa ni umbo la balbu na haina uhusiano na PAR ya mwanga. Zile za matumbawe huwa na LED za buluu nyingi na nyeupe chache, wati 12 hadi 25. Zinaingia kwenye soketi ya E27, ya kuzungusha. Nyumba nyingi za kwetu zina soketi za pini, kwa hiyo nunua kishikio cha skrubu kabisa, cha kauri, usitegemee adapta ya plastiki juu ya maji ya chumvi.

Mwanga wake chini ni mzuri kuliko udogo wake unavyodokeza, kwa sababu lenzi huukusanya. Ila kuenea ndiko kunakoishinda. Ukiining'iniza sentimita 25 juu ya maji, inahudumia mraba wa sentimita 30 hadi 40, na nje ya hapo ni kivuli. Tangi la sentimita 90 litataka mbili au tatu. Joto ni dogo. Umeme nao hausumbui: balbu mbili za wati 20 zinakula karibu yuniti 11 kwa mwezi, shilingi 3,200 hivi. Bei ni kama dola 30 hadi 45 moja, na ikifa unafungua unatupa, unafunga nyingine. Fundi hana kazi hapo.

Kasoro ni kwamba nyingi hazipunguzwi mwanga. Ukitaka kupunguza unaiinua, ukitaka kuongeza unaishusha. Mimi niliitundika kwa mnyororo wa kufungia mbwa, nikawa nahesabu pete: pete moja juu, pete moja chini. Si pambo la sebuleni, lakini lilifanya kazi mwaka mzima.

Inamfaa mwenye tangi dogo la mchemraba, au anayetaka kukuza kona moja tu ya tangi kubwa.

Sanduku la LED

Hili ndilo linalouzwa kila kona ya mtandao: boksi jeusi la bati, LED 55 za wati tatu tatu, feni mgongoni, waya mbili za umeme, moja ya nyeupe na moja ya buluu. Zidisha 55 kwa 3 upate 165, na ndiyo maana huitwa la wati 165. Ukilipima kwenye soketi linavuta kama 110 hadi 120, kwa sababu LED haziendeshwi kwa nguvu yake yote. Hujaibiwa hapo. LED isiyobanwa hadi mwisho hupoa na hudumu.

Kwa mwanga unaofika chini, halina mpinzani kwa bei yake, ambayo ni dola 90 hadi 130 bila usafiri. Katikati ya tangi la kina cha sentimita 45 litafika PAR ambayo hata magumu ya vijiti yataridhika. Kuenea ni kwa wastani. Mraba wa sentimita 60 linauweza kwa matumbawe laini, lakini kwenye tangi langu la 90 pembe mbili zilibaki na giza la magharibi. Sikuona shida: ndiko nilikoweka matumbawe ya uyoga. Lenzi za nyuzi 90 zinapiga chini zaidi, za 120 zinatawanya zaidi. Kwa tangi la kina kifupi chukua 120 kama unapewa uchaguzi.

Joto linatoka juu, kwa feni, si kuelekea majini. Litaingia chumbani hata hivyo, kwa hiyo chumba kisiwe kimefungwa. Umeme: likiwa kamili ni yuniti 31 kwa mwezi, shilingi 9,000, ila hakuna mwenye akili anayeliwasha kamili kwenye matumbawe laini. Kwa nusu, unakaa kwenye yuniti 16.

Kwa fundi ndiko linakoshinda kwa mtu wa kwetu. Ndani yake hamna siri: draiva mbili (vifaa vinavyozipa LED umeme), feni, na LED zilizoungwa mfululizo. LED moja ikikatika, mstari wake wote unaweza kuzima, na fundi wa redio mwenye pasi ya kulehemu na mita anaitafuta kwa dakika kumi. Feni ndiyo hufa kwanza kwa sababu ya chumvi. Ya kwangu ilianza kukoroma mwezi wa nane. Nilipoifungua nilikuta ukoko mweupe kwenye mapanga yake, mgumu kama wa wali, nikaukwangua kwa mswaki wa zamani na siki ikazunguka tena.

Kero yake nyingine ni rangi. Baadhi yana LED nyekundu na kijani zilizotawanywa, na kwenye mchanga mweupe unaona vidoa vya disko. Kuna wasiojali. Mke wangu alijali.

Linamfaa anayetaka nguvu kwa pesa ndogo, asiyehitaji simu kumwashia taa, na asiyeogopa kushika bisibisi.

Tyubu za T5

Wanaosema T5 imekufa hawajaona tangi lililowashwa nazo. Ni tyubu nyembamba za milimita 16, nne au sita kwa safu, kila moja na riflekta yake. Kwa kuenea hazina mshindani. Hakuna duara la katikati wala vivuli vikali, pembe zinapata karibu sawa na kati, na rangi za matumbawe zinaonekana laini, bila kuchoma macho. Tyubu nne za wati 39 juu ya tangi la 90 zinatosha matumbawe mengi, hata magumu ukiyapandisha juu ya mawe.

Sasa gharama. Joto lipo, na lipo karibu na maji. Wati 156 za tyubu pamoja na balasti, kile kifaa kinachoziendesha, ni kama 170, yuniti 46 kwa mwezi, shilingi 13,400. Kwa aliye kwenye D1 ya Tanzania, daraja la watumiaji wadogo, ile ya shilingi 100 mpaka yuniti 75, taa peke yake imemaliza zaidi ya nusu ya yuniti hizo kabla ya friji kuwasha kompresa. Kiunzi cha tyubu nne ni dola 200 au zaidi kikiwa kipya, na tyubu ni dola 20 hadi 25 kila moja. Zinachakaa bila kukuambia: jicho linaona ziko vilevile, kumbe mwanga wake umeshuka, hivyo hubadilishwa kila miezi 9 hadi 12, moja moja kwa kupishana wiki chache ili matumbawe yasishtuke.

Halafu kuna mtego unaowanasa hata mafundi wazuri. Tyubu ya T5 ya wati 39 ina urefu wa milimita 849. Ile ya kawaida ya ofisini ya wati 21 ina milimita 849 hizohizo, unene uleule, pini zilezile. Itaingia kwenye kiunzi bila kulalamika, na balasti ya 39 itaiendesha kwa nguvu isiyo yake. Soma wati zilizoandikwa kwenye ncha ya tyubu, urefu hautakuambia kitu. Wala fundi asikuwekee choki na stata za zamani. T5 inataka balasti ya elektroniki.

Na upatikanaji? Umoja wa Ulaya ulifunga mlango kwa T5 za kawaida Agosti 2023 kwa sababu ya zebaki, na mwaka huohuo nchi za Mkataba wa Minamata, ule wa kudhibiti zebaki, zilikubaliana mjini Geneva kuziondoa sokoni tyubu za matumizi ya kawaida kufikia 2027. Tyubu maalumu za matangi hazimo moja kwa moja kwenye katazo hilo, lakini kiwanda kikikosa soko kubwa, soko dogo huteseka nalo. Ukipewa kiunzi kizuri cha mtumba kwa bei ya kutupa, chukua, mradi umeona mahali pa kununua tyubu za mwakani.

Zinamfaa mwenye tangi refu lililojaa matumbawe kila pembe, anayeishi kwenye chumba chenye kiyoyozi, na ambaye bili ya umeme haimnyimi usingizi.

Mtumba wa chapa

Hapa nazungumzia taa ndogo za LED zenye jina, zinazoendeshwa kwa simu: macheo, mchana, machweo, hata mbalamwezi. Mfano ni AI Prime (AI ni kifupi cha chapa, AquaIllumination), kidude kinachoenea kiganjani, wati 59 kikiwa kamili. Mpya, bei yake haimo kwenye makala haya. Iliyotumika miaka miwili mitatu, mara nyingi unaipata kwa nusu.

Mwanga unaofika chini ni mzuri, na rangi ni safi kuliko za sanduku. Kuenea: moja inahudumia sentimita 45 kwa matumbawe magumu, 60 kwa laini. Tangi langu lilitaka mbili, na bei ikajizidisha papo hapo. Joto ni dogo. Umeme ni yuniti 16 kwa moja, 32 kwa mbili. Baada ya kununua hakuna kinachodai pesa, mpaka ife. Ikifa, fundi wa redio ataikodolea macho tu, maana vipuri viko kwa mwenye chapa.

Kabla hujatoa pesa, mwambie muuzaji aiwashe rangi moja baada ya nyingine kwa nguvu yote, wewe umeshika karatasi nyeupe chini yake. Buluu iliyochoka utaiona. Iache kamili nusu saa, sikiliza feni. Kisha hakikisha ameiondoa kwenye simu yake na imekubali yako, hapohapo mbele yenu wote wawili. Rafiki yangu mmoja aliruka hatua hii ya mwisho, akarudi nyumbani na taa inayomtii mtu wa Sohar.

Inamfaa mwenye tangi fupi, anayesafiri mara kwa mara na anayependa kupanga ratiba ya mwanga bila kusogea kitini.

Nilivyoua uyoga watano

Sanduku la LED lilipofika nilitoka kwenye balbu mbili. Nikalifunga Alhamisi usiku, Ijumaa asubuhi nikaliwasha, nyeupe na buluu zote mpaka mwisho, nikaketi na kikombe changu kutazama. Lilipendeza kupita kiasi. Kulikuwa na uyoga saba wa zambarau kwenye jiwe la mbele, wamekunjuka kama visahani. Jumamosi walikuwa wamejikunyata. Jumatatu zambarau ikawa rangi ya chai ya maziwa, Jumatano wawili walikuwa weupe, unaona jiwe kupitia kwao. Mwani wa ndani ulikuwa umefukuzwa. Ni kupauka kulekule kulikoyakuta matumbawe ya pwani yetu mwaka 1998, tofauti ni kwamba kule lilikuwa joto la bahari na hapa ulikuwa mkono wangu.

Nikashusha mpaka asilimia 20 na kuhamishia jiwe nyuma. Wawili walipona.

Kwa hiyo taa yoyote utakayochagua, anza asilimia 20 hadi 30, au iinue juu sana kama haipunguzwi, kisha ongeza kidogo kila wiki kwa mwezi mmoja na nusu. Ile programu ya simu ya kupima mwanga haitakupa PAR, tena kwenye buluu inadanganya. Lakini inaweza kulinganisha: pembe hii na ile, mwezi huu na mwezi uliopita, kwa simu ileile na taa ileile.

Kwa hali yako

Una samaki na mawe tu. Usinunue taa ya matumbawe. Mwanga mwingi utalisha mwani wa kijani kwenye kioo na utaishia kukwangua kila Jumapili. Ubao mwembamba wa LED nyeupe na buluu unatosha, pamoja na taima.

Una tangi la lita 40 hadi 60 na matumbawe laini machache: balbu moja ya skrubu, au mtumba mmoja wa chapa kama ratiba ya simu ina maana kwako.

Una sentimita 60 hadi 90, unachanganya laini na magumu yenye nyama, pesa ni kidogo: sanduku la LED. Tangi likizidi 90, masanduku mawili, au moja katikati na balbu mbili pembeni. Mchanganyiko huo hauna uzuri wa dukani ila matumbawe hayajali.

Una tangi refu, kiyoyozi kipo, na duka la tyubu unalijua: T5. Kuna wanaofunga tyubu mbili na LED katikati, wakapata kuenea kwa T5 na nguvu ya LED. Kama kiunzi cha mtumba kipo, ni njia nzuri.

Uko Dar, Tanga au Mombasa, chumba hakina kiyoyozi, Februari maji yanagusa nyuzi 30: anza na feni ndogo inayopuliza juu ya maji, taa baadaye. Feni hiyo itashusha nyuzi mbili hivi. Maji yatapungua haraka, nawe utajazia maji yasiyo na chumvi, kwa sababu kinachopaa ni maji na chumvi inabaki. Na umeme ukiwa wa kukatika na kurudi kwa kishindo, kizuia kishindo kile cha friji kiwe mbele ya taa yoyote, iwe ya dola 30 au ya 300.

Ukiwa na wazo la kushuka ufukweni kuvunja tumbawe ili taa ipate kazi, liache. Matumbawe magumu yote yamo kwenye Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, na hata huku Ghuba, kabla ya kununua, muulize mwenye duka kipande kimekuzwa wapi.

Mpwa wangu alinunua taima na ubao wa LED. Juzi kaniandikia tena: "Mjomba, uyoga wanauzwa wapi?"